Maua mwitu kutoka Uthiru hadi Karura: Mwongozo wa matembezi ya mimea ya kiasili Nairobi

MGENI anayeshuka matatu Uthiru, magharibi mwa jiji la Nairobi, huona mimea mingi ambayo wakazi wameizoea kiasi cha kuiona kama ya babu zao. Ploti zimezungushiwa kayaba yenye miiba. Juu ya malango hutambaa bogenvilia. Mipakani mwa mashamba husimama mikima na mikaratusi, na ifikapo Oktoba, mijakaranda hudondosha maua ya zambarau kando ya barabara za kuelekea katikati ya jiji.

Mimea yote hiyo ni ya kigeni. Kayaba ililetwa kutoka kusini mwa Afrika. Bogenvilia na mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini, ilhali mkima na mkaratusi ilitoka Australia. Hata mucege, gugu ambalo mbegu zake hunasa nguo za kila apitaye shambani, lilivuka bahari kutoka Amerika.

Mwenyeji hupatikana mahali pasipotazamwa. Baada ya mvua, katikati ya uzio huo huo wa kayaba, huchomoza mmea mwembamba unaotambaa, wenye maua ya rangi ya machungwa na doa jeusi katikati mithili ya jicho. Wanasayansi huuita Thunbergia alata. Asili yake ni Afrika, ikiwemo nyanda za juu za Kenya, na wapenda bustani wa Ulaya na Marekani hununua mbegu zake kwa pesa. Huku kwao, mmea huo hufyekwa pamoja na nyasi, kwa kuwa aliyeshika panga mara nyingi haujui kwa jina wala kwa asili.

Kuziba pengo hilo la maarifa ndiyo kazi ya matembezi ya maua mwitu yanayoongozwa na wajuzi wa mimea. Makala haya yanaeleza matembezi hayo ni nini, yalianzia wapi, yanafanyika wapi, na jinsi mkazi wa Uthiru na viunga vyake anavyoweza kushiriki.

MATEMBEZI YENYEWE

Matembezi ya maua mwitu ni safari fupi ya miguu ambapo kikundi cha watu huongozwa na mtu anayeijua vyema mimea ya mahali fulani. Tofauti na upandaji wa milima, mwendo hapa ni wa polepole mno. Kikundi chaweza kutumia saa mbili kwenye kilomita moja, maana kila baada ya hatua chache mwelekezi husimama kando ya mmea na kuueleza: jina lake la kisayansi, majina yake ya kienyeji, familia yake, wadudu na ndege wanaoutegemea, pamoja na matumizi yake kwa binadamu.

Washiriki nao huuliza, huchora, hupiga picha na kuandika. Wazee katika kikundi huwa na mchango wa pekee, kwani ndio wanaokumbuka majina waliyofunzwa na wazazi wao walipokuwa wakichunga mbuzi au kuchanja kuni. Kijana aliyezaliwa mjini hurudi nyumbani na majina mawili ya mmea mmoja, la maabara na la kijijini.

Desturi hii imekita mizizi kwingineko duniani. Nchini Afrika Kusini, chama cha wapenzi wa mimea ya nchi hiyo kiliasisiwa mwaka wa 1913, mwaka ule ule ilipoanzishwa bustani maarufu ya Kirstenbosch jijini Cape Town. Katika jimbo la California, Marekani, chama kama hicho kilianzishwa mwaka wa 1965, na hadi leo matawi yake huandaa matembezi ya kutazama maua ya porini.

CHAMA CHENYE ZAIDI YA MIAKA 100

Nchini Kenya, jukumu hili limebebwa kwa muda mrefu zaidi na shirika la Nature Kenya, ambalo jina lake rasmi ni Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki. Chama hicho kiliundwa mwaka wa 1909. Mwaka uliofuata, wanachama wake walifungua makavazi madogo mahali ambapo leo pamesimama jumba la Nyayo House, katikati ya jiji. Makavazi hayo yalihama baadaye, na mnamo 1930 yakafunguliwa jengo jipya katika kilima kinachojulikana leo kama Museum Hill, kwa jina la Coryndon. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, yakapewa jina la Makavazi ya Kitaifa.

Nature Kenya ingali na makao yake katika mazingira ya makavazi hayo. Wengi huifahamu kwa sababu ya ndege. Matembezi yake ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi yalianza mwaka wa 1971 chini ya uongozi wa Bi Fleur Ng'weno, na yamekuwa shule ya vizazi kadhaa vya waelekezi. Hata hivyo, anayewafuata ndege hulazimika kuijua mimea, kwa kuwa chozi hatafutwi mahali pasipo na maua yenye nekta, wala kwembe mahali pasipo na mikuyu.

Ndani ya chama hicho pia mna kundi la Succulenta East Africa, linaloshughulikia mimea inayohifadhi maji katika majani au mashina yake, kama vile mishubiri na jamii ya mnyaa. Kundi la Marafiki wa City Park, linalopigania bustani ya umma iliyo mkabala na mtaa wa Parklands, nalo lilizaliwa katika malezi ya chama hicho. Kadhalika, yapo makundi yanayojitegemea, kama vile Marafiki wa Nairobi Arboretum, walioungana mwaka wa 1993, na Marafiki wa Msitu wa Karura.

HAZINA YA MIMEA ILIYOKAUSHWA

Mwelekezi anapotaja jina la mmea kwa yakini, yakini hiyo ina chimbuko. Katika uwanja wa Makavazi ya Kitaifa kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, mwaka wa 1902 wakati wa utawala wa Wajerumani, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Vielelezo vyake hukadiriwa kukaribia milioni moja. Kila kimoja ni tawi au mmea uliobanwa kwenye karatasi, ukiwa na maelezo ya mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma.

Hifadhi hiyo iliongozwa kwa zaidi ya miaka 20 na Bi Christine Kabuye, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uganda. Vielelezo vyake vilikuwa miongoni mwa misingi ya kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza mwaka wa 1948 na kukamilika mwaka wa 2012 kwa ushirikiano na Bustani ya Kew ya Uingereza. Orodha hiyo ilifikisha spishi 12,104. Kenya pekee inakadiriwa kuwa na spishi zipatazo 7,000.

Kwa mtu wa kawaida, kitabu chenye manufaa zaidi ni Upland Kenya Wild Flowers cha Andrew Agnew, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1974 na ambacho toleo lake la tatu lilichapishwa na Nature Kenya mwaka wa 2013. Kinahusu mimea ya nyanda za juu, na kwa hiyo kinamfaa mkazi wa Uthiru, Kabete au Kikuyu. Kwa upande wa miti, kitabu cha Henk Beentje cha mwaka wa 1994, Kenya Trees, Shrubs and Lianas, ndicho rejeo la wengi.

Makavazi hayo huhifadhi pia michoro ya mimea iliyochorwa na Joy Adamson. Ulimwengu humkumbuka kwa kisa cha simba Elsa, lakini kabla ya simba huyo alikuwa ameshachora mamia ya maua ya Kenya.

MAHALI PA KUTEMBELEA

Uthiru yenyewe imezungukwa na taasisi za elimu ya mimea na kilimo kuliko mitaa mingi ya jiji. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ina makao yake hapo. Jirani kuna bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambamo mna taasisi ya masomo ya amani na mazingira iliyopewa jina la Profesa Wangari Maathai. Ukiendelea na barabara ya kuelekea Naivasha, unafika Muguga, kwenye makao ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Nchini (KEFRI) na hifadhi ya taifa ya mbegu iliyoanzishwa mwaka wa 1988. Taasisi hizi si bustani za umma, na anayetaka kuzuru huhitaji kuomba ruhusa mapema. Lakini shule na vikundi vya vijana vilivyo karibu vinaweza kunufaika na wataalamu wake.

Kinamasi cha Ondiri, mjini Kikuyu, kiko mwendo mfupi kutoka Uthiru. Hapa ndipo Mto Nairobi unapoanzia. Ni kinamasi cha aina adimu, kwa maana matete na nyasi zake zimesukana na kuwa mkeka mzito unaoelea juu ya maji, hivyo kwamba anayeukanyaga huhisi ardhi ikitikisika. Haifai kuingia ndani. Mimea hutazamwa kutoka ukingoni, pamoja na mwenyeji anayepajua.

Nairobi Arboretum, karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kutoa kuni za garimoshi na mbao. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 30 na spishi takriban 350 za miti, nyingi zikiwa za kigeni. Kwa anayeanza kujifunza hapa ndipo mahali pepesi zaidi, kwa sababu mgeni na mwenyeji wamesimama bega kwa bega na tofauti zao huonekana wazi.

City Park ina kipande cha msitu wa kiasili kilichosalia karibu kabisa na katikati ya jiji. Humo ndimo walimozikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka wa 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya.

Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, una njia nyingi za kutembea na miti ya kiasili inayopatikana katika nyanda kavu za juu. Milima ya Ngong, yenye kilele cha takriban mita 2,460, huwa na maua mengi ya nyikani baada ya mvua. Mshubiri mmoja, Aloe ngongensis, umepewa jina la milima hiyo. Huko Ngong inashauriwa kwenda kwa kikundi na kuandamana na askari wa Huduma ya Misitu Nchini (KFS).

BAADHI YA MIMEA YA KUTAFUTA

Anayeanza asijaribu kujifunza mimea 100 kwa siku moja. Kumi inatosha. Ifuatayo ni baadhi ya ile inayoonekana magharibi mwa Nairobi:

Mukengeria (Commelina benghalensis) ni mmea mfupi wenye maua ya samawati, unaoota kando ya mitaro na katika mashamba ya mahindi. Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya jioni. Wafugaji huukata kulisha sungura na nguruwe.

Maigoya (Coleus barbatus) huwa na majani laini yenye manyoya na maua ya zambarau yaliyojipanga juu ya shina. Akina mama wa Kikuyu walitumia majani yake kufunikia ndizi ziive.

Crotalaria agatiflora ni kichaka chenye maua ya manjano iliyochanganyika na kijani. Kila ua, likitazamwa kutoka ubavuni, lina umbo la ndege mdogo aliyeshika tawi kwa mdomo.

Leonotis huwa na maua ya rangi ya machungwa yaliyozunguka shina kama mipira iliyotungwa kwenye kijiti. Palipo na mmea huu, chozi hawako mbali.

Gloriosa superba ni ua jekundu lenye kingo za manjano zilizojikunja kama ndimi za moto. Ni zuri, lakini kiazi chake kina sumu kali inayoweza kuua. Watoto waonywe.

Thabai (Urtica massaica) huwasha vikali anayeigusa. Hata hivyo, majani yake machanga yakichemshwa hupoteza makali, na hupondwa pamoja na viazi na mahindi katika mukimo.

Muhuti (Erythrina abyssinica) ni mti wenye gome la miiba na maua mekundu yanayochanua wakati ambapo mti umepukutisha majani.

Murarachi (Calodendrum capense) hufunikwa na maua ya waridi, na huonekana kwa mbali unapochanua katika misitu ya Nairobi.

Muthiga (Warburgia ugandensis) una gome chungu lenye kuwasha ulimi, ambalo hutafunwa kutibu kikohozi na maumivu ya tumbo. Kituo cha Muthiga, mbele kidogo ya Uthiru kwenye barabara hiyo ya Naivasha, kina jina lile lile la mti huu. Wasafiri hulitaja jina hilo kwa makanga kila siku, na wengi wao hawajawahi kuuona mti wenyewe.

Muiri (Prunus africana) nao hutafutwa kwa gome lake, ambalo hutengenezewa dawa za ugonjwa wa tezi dume huko Ulaya. Kutokana na kuchunwa kupita kiasi katika nchi kadhaa za Afrika, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka wa 1995 chini ya mkataba wa CITES.

JINSI YA KUUTAMBUA MMEA

Waelekezi wenye tajriba huwafunza washiriki kutazama kabla ya kuuliza jina. Hatua ya kwanza ni majani: je, yameota mawili mawili yakikabiliana, au yanapishana moja baada ya jingine? Hatua ya pili ni shina. Shina lenye pembe nne na majani yanayonukia yakisuguliwa ni dalili ya jamii ya mrehani, ambamo maigoya na Leonotis zimo. Hatua ya tatu ni utomvu. Mmea unaotoa maziwa ukivunjwa huenda ukawa wa jamii ya mkuyu au ya mnyaa, na maziwa ya mnyaa ni hatari kwa macho.

Matunda nayo husema mengi. Ganda linalopasuka pande mbili kama la maharagwe huonyesha jamii ya kunde, ambayo ndiyo ya Crotalaria na muhuti. Na ua linaloonekana moja, kama alizeti, mara nyingi ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanana. Mshiriki akiazima kioo cha kukuzia atajionea mwenyewe.

Anayepiga picha kwa simu asipige ua peke yake. Picha nne humsaidia mtaalamu kutambua mmea: mmea mzima, ua kwa karibu, jani upande wa juu, na jani upande wa chini. Tarehe na mahali visisahauliwe. Programu kama iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2008, humwezesha mtu yeyote kupakia picha hizo na kusaidiwa na wajuzi wa kote ulimwenguni. Lakini jibu la simu ni kidokezo tu, na halipaswi kamwe kutegemewa katika kuamua mmea upi unalika.

MSIMU NA MAANDALIZI

Maua mengi ya Nairobi hufuata mvua. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wiki zinazofuata mvua hizo ndizo bora zaidi. Julai na Agosti huwa na baridi na mawingu, na maua ya chini hupungua, ila miti na vichaka hutoa fursa ya kujifunza majani na magome.

Mshiriki avae viatu vilivyofunika kidole, suruali ndefu na kofia. Abebe maji, koti la mvua, daftari na penseli, kwa kuwa wino hufutika ukinyeshewa. Ajihadhari na siafu na upupu. Ni vyema kuanza asubuhi kabla ya jua kali, wakati ambapo mukengeria na maua mengine ya asubuhi yangali wazi. Ratiba na ada hubadilika, hivyo inafaa kuulizia kwa chama husika kabla ya kufunga safari.

Kanuni ya msingi ni kutochuma. Kutoa mmea katika msitu wa serikali bila idhini ni kosa la kisheria, na utafiti wa kukusanya vielelezo huhitaji vibali. Mishubiri ya porini na okidi zote zinalindwa na mkataba wa CITES katika biashara ya kimataifa. Isitoshe, ua likichumwa leo halitoi mbegu ya kesho.

SHUGHULI NYINGINE

Vyama hivi havitembei tu. Katika Karura, wahifadhi wamekuwa wakikata lantana, kichaka cha Amerika chenye maua ya rangi nyingi ambacho huzima miche ya kiasili, na kupanda upya miti ya kienyeji mahali palipokuwa na mikaratusi. Kazi ya namna hiyo huhitaji mikono mingi yenye uwezo wa kutofautisha mche wa kiasili na gugu, na ustadi huo hupatikana matembezini.

Shughuli nyingine ni kuokota mbegu chini ya miti mama, kuotesha miche katika vitalu, kubandika vibao vya majina kwenye miti ya shule, na kuchora. Shule iliyo na miti 20 uani inaweza kuanza na vibao 20. Mtoto anayesoma neno "muiri" kila siku akienda darasani hatalisahau.

Katika pwani ya Kenya, wenyeji wa Kaya Kinondo, Kaunti ya Kwale, wameonyesha njia nyingine. Wageni huongozwa msituni na watu wa jamii yenyewe, wakiwa wamefungwa kaniki kiunoni kwa heshima ya mahali patakatifu, na huelezwa mmea baada ya mmea. Misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008.

JINA HULINDA

Huenda msomaji akauliza kuna faida gani kujua jina la ua la kando ya barabara, ilhali wakazi wa Uthiru wana shida za maji, kodi za nyumba na ajira. Historia ya karibuni ina majibu mawili.

La kwanza ni mboga. Kuna wakati ambapo managu, terere na saga zilidharauliwa mjini kama chakula cha maskini, na vijana wengi hawakuweza kuzitofautisha na magugu. Watafiti, akiwemo mtaalamu wa mimea na tamaduni Patrick Maundu, walizunguka vijijini wakiandika majina, matumizi na mapishi kutoka kwa wazee. Kitabu kuhusu mimea ya chakula cha jadi nchini kilichotolewa na Maundu na wenzake, akiwemo Bi Kabuye, kilichapishwa mwaka wa 1999. Leo mboga hizo huuzwa katika masoko na maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua juhudi hiyo ya Kenya kama mfano bora wa kulinda turathi. Mboga hizo zilirudi mezani baada ya kurudishiwa majina na heshima.

La pili ni Karura. Mwaka wa 1998 iligunduliwa kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Januari 8, 1999, Profesa Maathai na wenzake walivamiwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti hapo. Msitu huo ulinusurika. Tangu sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, iliyofuatwa na ile ya 2016, jamii zinazoishi karibu na msitu zimekuwa na haki ya kushiriki usimamizi wake kupitia vyama vyao.

Profesa Maathai mwenyewe alieleza katika tawasifu yake ya mwaka wa 2006 jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao Nyeri, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kando yake palikuwa na kijito. Aliporudi baada ya miaka ya masomo ng'ambo, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Waliokuwa na jina na miiko ya mti huo waliulinda. Waliokuja baadaye waliona mbao na nafasi ya kupanda chai.

Uthiru imo katika hatua hiyo hiyo. Nyumba za ghorofa zinachukua mahali pa mashamba, barabara zinapanuliwa, na kingo za vijito zinapungua kila mwaka. Hakuna anayetarajia ujenzi usimame. Lakini anayejenga anaweza kuuacha muhuti uliosimama mpakani badala ya kuung'oa na kupanda mche wa kununua. Mwenye ploti anaweza kuacha Thunbergia itambae juu ya uzio wake. Mwalimu anaweza kumwalika nyanya ya mwanafunzi aje awatajie watoto majina. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Ila ni lazima mtu aujue mbacha wake kwanza.

Anayetaka kuanza hahitaji kungoja msafara wa Ngong au Karura. Mvua zikikatika, na atoke asubuhi pamoja na mzee mmoja wa mtaani na mtoto mmoja, watembee kutoka nyumbani hadi kijito kilicho karibu, na waandike majina ya mimea kumi. Kwa ile wasiyoijua, wapige picha na kuwapelekea wajuzi wa Makavazi au wa Nature Kenya. Wakirudi msimu utakaofuata, wahesabu ni mingapi ingali hai.